Bwana Amelala Chomboni

Dominika ya 12 ya Mwaka B
Masomo: Ayu 38:1, 8-11, Zab 107, 2 Kor 5:14-17, Mk 4:35-41



Injili ya Dominika ya leo ni fupi, aya saba tu. Mitume wako katikati ya ziwa, giza limeingia, upepo umechafuka, mawimbi yanamwagikia chomboni, na Bwana Yesu amelala huko nyuma katika shetri, kichwa chake kikiwa juu ya mto. Wanamwamsha. Na maneno yao ya kwanza si sala iliyopangwa vizuri. Wanamwuliza kama hajali kwamba wanaangamia.

Leo nawaomba tulitafakari swali hilo, kwa sababu ni swali letu sote. Mama anayeuguza mtoto wodini, na fedha ya dawa imekwisha, anauliza hivyo. Mkulima aliyepanda mara mbili na mvua ikamkatalia mara mbili, anauliza hivyo. Kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi, na sasa ni mwaka wa nne anazunguka na vyeti vyake bila kazi, anauliza hivyo. Je, Mungu hajali? Wengi wetu huliogopa swali hilo. Tunadhani ni kufuru, basi tunalifungia moyoni, na huko moyoni linageuka kuwa uchungu. Mimi nataka kuwaonyesha kwamba swali hilo, likielekezwa kwa Bwana mwenyewe, ndipo imani ya wakati mgumu inapoanzia. Na kwamba mapendo ya Mungu tunayakuta humo humo chomboni, kati ya mawimbi.

Dhoruba yenyewe

Ziwa la Galilaya si kubwa. Urefu wake ni kilomita 21 hivi, na upana wake hauzidi kilomita 13. Ukilinganisha na Ziwa Victoria letu, ni kama kidimbwi. Lakini liko bondeni, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima, na pepo zinazoshuka kutoka milimani hulichafua ghafla. Wavuvi wetu wa Ukerewe, Musoma na Bukoba wanaielewa Injili hii kuliko wataalamu wengi, kwa kuwa wanajua jinsi ziwa lililotulia jioni linavyoweza kugeuka adui usiku wa manane.

Tuangalie mambo mawili katika masimulizi ya Marko. La kwanza: ni Yesu mwenyewe aliyetoa wazo la kuvuka kwenda ng'ambo. Mitume hawakuingia dhorubani kwa sababu walimwasi. Waliingia kwa sababu walimtii. Basi anayefikiri kwamba Mkristo mwema hapatwi na shida, na kwamba shida ni alama ya kuachwa na Mungu, ajue kwamba Injili haisemi hivyo. Waliomo chomboni pamoja na Kristo wananyeshewa na mawimbi yale yale yanayowanyeshea wengine.

La pili ni ukali wa lile swali. Mathayo na Luka nao wanasimulia tukio hili, lakini kwa Mathayo mitume wanaomba tu Bwana awaokoe, na kwa Luka wanamwambia tu kwamba wanaangamia. Ni Marko peke yake aliyeyaacha malalamiko yao jinsi yalivyokuwa. Wataalamu wengi wa Maandiko Matakatifu wanaona kwamba Marko aliwaandikia Wakristo waliokuwa katika mateso, huenda huko Roma, katika miaka ya mateso ya Kaisari Nero au baada yake kidogo. Watu hao walikuwa wamezika ndugu zao waliouawa kwa ajili ya imani. Kwao, kusikia kwamba hata mitume walimwuliza Bwana kama hajali, ilikuwa faraja. Walijua kwamba si wao wa kwanza kuuliza.

Majibu matatu yasiyofaa

Wapendwa, dhoruba inapokuja, majibu hayakosekani. Yako matatu ambayo nayasikia mara kwa mara, na yote matatu yanawaumiza watu.

Jibu la kwanza husema: umelogwa. Mtu anaugua, au mtoto anafariki, na kabla machozi hayajakauka jamaa wanaanza kumtafuta aliyefanya hivyo. Anatajwa jirani, au shangazi, au bibi kizee asiye na mtetezi. Msiba mmoja unazaa mwingine: kwanza kifo, halafu ukoo uliovunjika. Mganga anapokea kuku na fedha, na chuki inabaki nyumbani.

Jibu la pili husema: huna imani ya kutosha. Hilo tunalisikia siku hizi kwa wahubiri wanaoahidi kwamba mwenye imani haugui wala hafilisiki. Asipopona, kosa ni lake, aongeze sadaka. Lakini Bwana wetu aliulizwa juu ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, na akakataa kuwatia hatiani mtu huyo na wazazi wake (Yn 9:1-3). Tena aliwakumbusha watu juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao (Lk 13:4-5). Mtu anayemwambia mgonjwa kwamba anaugua kwa sababu ya upungufu wa imani yake anafanya kazi ambayo Kristo aliikataa.

Jibu la tatu ni letu sisi, wapendwa, na mimi mwenyewe nimelitumia. Ni lile la kusema haraka haraka: ni mapenzi ya Mungu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre kijana, niliitwa kwenye msiba katika kigango kimoja cha ziwani. Mama mjane alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 19, aliyezama pamoja na wenzake walipokuwa wakivua usiku. Mtumbwi ulikuwa mbovu, na mwenye mtumbwi alijua kwamba ni mbovu. Nikaketi karibu na yule mama, nikamwambia maneno niliyokuwa nimewasikia wakubwa wakiyasema: "Mama, ni mapenzi ya Mungu." Akainua uso, akaniuliza taratibu kabisa: "Padre, Mungu alikuwa na haja gani na mwanangu kunizidi mimi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote ya falsafa na teolojia seminarini haikunipa hata neno moja la kumwambia. Na afadhali iwe hivyo, maana ningalilipata, ningalimwumiza zaidi.

Baadaye nilielewa kosa langu. Nilikuwa nimemsingizia Mungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha yao. Wengi wenu mnalikumbuka kaburi la pamoja pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Kivuko hicho kilitengenezwa ili kibebe watu 101. Meli ya mwaka 1996 nayo ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi. Basi, ni nani aliyeuza nafasi zisizokuwapo? Si Mungu. Ni nani aliyewaacha watu wapande mpaka pasibaki pa kusimama? Si Mungu. Tukisema upesi kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, tunawafariji wazembe na kuwanyima waliofiwa haki yao ya kuuliza.

Kanisa linafundisha kwamba Mungu hatendi uovu kamwe, wala moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Anauruhusu kwa kuheshimu uhuru wa viumbe vyake, na anajua kutoa mema hata katika uovu, kwa njia ambazo mara nyingi hatuzioni upande huu wa kaburi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, inakiri wazi katika namba 309 kwamba hakuna jibu la haraka litakalolitosheleza swali la uovu. Ni imani yote ya Kikristo kwa jumla, tangu kuumbwa kwa ulimwengu mpaka uzima wa milele, ndiyo jibu lenyewe. Basi tusijaribu kulipunguza jibu hilo hata liingie katika sentensi moja ya kusemea msibani.

Kulalamika mbele ya Mungu ni sala

Kama majibu hayo matatu hayafai, mwenye shida afanye nini? Afanye walivyofanya mitume. Hawakukaa pembeni ya chombo wakinong'onezana juu ya Yesu kwamba hajali. Walimwendea, wakamwamsha, wakamwambia yeye mwenyewe. Kunung'unika juu ya Mungu nyuma ya mgongo wake, na kumlalamikia Mungu mbele ya uso wake, ni mambo mawili tofauti. Waisraeli jangwani walinung'unika, wakataka kurudi Misri. Ayubu alilalamika, lakini hakutaka kwenda po pote ila kwa Mungu.

Tazameni mwisho wa kitabu cha Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuwa wamemtetea Mungu kwa hotuba ndefu na nzuri. Ayubu alikuwa amemwuliza Mungu maswali makali. Mwishoni Mungu anawakasirikia watetezi wake, na kutamka kwamba ni Ayubu aliyesema yaliyo sawa juu yake (Ayu 42:7). Jambo hilo lingetushangaza kama tungelisoma kwa makini. Na somo la kwanza la leo linatuonyesha Mungu akimjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli. Hamwelezi kwa nini aliteseka. Anamwonyesha bahari ilivyowekewa milango na mipaka na Mwumba wake. Ayubu hakupewa maelezo. Alipewa kukutana na Mungu mwenyewe, akatulia.

Kitabu cha Zaburi nacho kinatufundisha vivyo hivyo. Katika Zaburi 150, theluthi moja hivi ni za maombolezo. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuviweka vilio hivyo katika kitabu cha sala. Makatekista wapendwa, wafundisheni waamini jinsi zaburi hizo zilivyojengwa, maana ni shule ya kusali wakati wa shida. Kwa kawaida zina hatua nne. Kwanza, mtu anamwita Mungu kwa jina. Pili, anamweleza shida yake bila kuipamba wala kuipunguza. Tatu, anaomba msaada alio na haja nao. Nne, anakumbuka mema ambayo Mungu aliwahi kumtendea, na kujikabidhi kwake. Chukueni Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Katika aya mbili za kwanza mwenye kusali anauliza mara nne, mpaka lini. Naye anamaliza kwa kuimba. Kati ya swali na wimbo shida haijaondoka bado. Kilichobadilika ni kwamba sasa hayumo ndani yake peke yake.

Iko hata zaburi isiyoifikia hatua ya nne. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo neno la faraja. Hata hivyo Kanisa halikuifuta. Linaisali katika Masifu yake kila Ijumaa usiku kabla ya kulala, siku ile Bwana aliyokufa. Kanisa linajua kwamba ziko siku ambazo mwana wa Mungu hana sala nyingine.

Bwana yumo chomboni

Lakini mtu ataniuliza: "Padre, kama kulalamika si kosa, mbona Yesu aliwakemea mitume kwa kukosa imani?" Swali hilo ni jema. Angalieni utaratibu wa Marko. Kwanza Yesu aliukemea upepo na kuiamuru bahari inyamaze, kama vile alivyomnyamazisha pepo mchafu katika sinagogi la Kafarnaumu (Mk 1:25). Kukawa shwari kuu. Ndipo baadaye akawauliza juu ya hofu yao na imani yao. Hakuweka sharti kwamba waamini kwanza, ndipo awaokoe. Aliwasikiliza wakiwa na hofu, aliwaokoa wakiwa na hofu, kisha akawafundisha. Hakuwalaumu kwa kumwamsha. Aliwaonya kwa kuwa walidhani hajali.

Na kwa nini walidhani hajali? Kwa sababu alikuwa amelala. Lakini wapendwa, alikuwa amelala wapi? Hakulala ufukweni, akiwatazama kwa mbali wakihangaika. Alilala ndani ya chombo kile kile. Chombo kikizama, naye anazama. Maji yaliyowalowesha wao yalimlowesha na yeye. Hapa ndipo penye mapendo ya Mungu. Kumpenda mtu ni kuingia katika chombo chake.

Marko anatuonyesha baadaye jinsi Bwana alivyoingia kwa kina kabisa. Msalabani hakuna aliyeituliza dhoruba. Giza lilifunika nchi, na Yesu akalia kwa maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, akimwuliza Mungu sababu ya kuachwa (Mk 15:34). Swali la mitume chomboni sasa limekuwa katika kinywa cha Mwana wa Mungu. Tangu saa ile, mtu ye yote anayemlilia Mungu akihisi ameachwa, analia kwa sauti ya Kristo. Na Baba alijibu, ila siku ya tatu. Kati ya Ijumaa na Dominika kulikuwa na siku nzima ya ukimya. Wengi wetu tunaishi katika siku hiyo. Imani ni kuishi Jumamosi hiyo tukijua kwamba Dominika ipo.

Ndiyo maana Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, hasemi kwamba dhiki, njaa, hatari na upanga havitatupata. Anavitaja kimoja kimoja, kwa kuwa vilimpata. Anachosema ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kiwezacho kututenga na mapendo ya Mungu (Rum 8:35-39).

Vyombo vingine

Marko anaongeza neno dogo ambalo tunalipita haraka: kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Basi hatuko peke yetu ziwani. Na mara nyingi mkono wa Kristo wa kutuliza dhoruba ni mkono wa jirani.

Nirudi kwa yule mama. Baada ya mazishi hakuonekana kanisani kwa karibu mwaka mzima. Sikumlaumu, sikuthubutu. Lakini akina mama wa Jumuiya yake Ndogo Ndogo hawakumwacha. Hawakumhubiria. Walimchotea maji. Walimpalilia shamba lake la mihogo. Jioni mmoja wao alikuwa akienda kuketi naye jikoni, wakati mwingine bila maneno. Walifanya kile ambacho rafiki za Ayubu walikifanya vizuri kabla hawajaharibu kwa kusema: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wakiwa kimya (Ayu 2:13).

Siku moja mama huyo akaja kwangu. Akasema, "Padre, nimekuja kukwambia kwamba nimeanza kusali tena, ila sala zangu si nzuri. Namgombeza Mungu." Nikafungua Biblia, nikamsomea Zaburi ya 88 polepole mpaka mwisho, kwa kuwa hakujua kusoma. Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Maneno hayo yamo katika Biblia?" Nikamjibu, "Yamo, mama." Akasema, "Basi mimi si mpagani."

Dominika iliyofuata alikuja kwenye Misa Takatifu, akaketi nyuma karibu na mlango. Mwanawe hakurudi, wala uchungu wake haukwisha, na sitawadanganya kwamba ulikwisha. Lakini alipopokea Ekaristi Takatifu nilifahamu kwamba ninampa Mwili wa Yule ambaye naye aliuliza na kunyamaziwa, akafufuka. Mama huyo alinifundisha Injili ya leo kabla mimi sijaihubiri.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwenye dhoruba leo asione aibu kumwamsha Bwana. Amwite kwa jina, amwambie yote, hata yale makali. Asimwendee mganga, wala asimsikilize anayemwuzia miujiza. Na wewe ambaye leo ziwa lako ni shwari, mtafute mwenye dhoruba. Usimpelekee maelezo. Mpelekee maji, kuni, na muda wako. Na kama msiba wake umetokana na uzembe au udhalimu wa mtu, simama naye anapodai haki, kwa maana hilo nalo ni tendo la mapendo.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Maswali kwa ajili ya Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni maneno gani tunayowaambia waliofiwa? Yapi yanafariji, na yapi yanaumiza?
2. Someni pamoja Zaburi ya 13. Kila mmoja, akipenda, ataje jambo moja ambalo angetaka kumwuliza Mungu.
3. Ni nani kati ya majirani zetu yumo dhorubani wiki hii, nasi tutamfanyia nini kabla ya Dominika ijayo?